R40 Live: Rush na albamu inayorudi kinyumenyume

Wasanii wengi wakifikisha miaka 40 kazini hufanya shoo ya kumbukumbu kwa mtindo uleule. Wanaanza na vibao vya ujana, wanapanda taratibu mpaka vya juzijuzi, halafu mwishoni wanamwaga ule wimbo mkubwa kuliko yote ili watu waende nyumbani wakiuimba. Rush, bendi ya watu watatu kutoka Toronto, Kanada, mwaka 2015 waligeuza mambo. Walianza na nyimbo za albamu yao ya mwisho, ya 2012, wakawa wanarudi nyuma mwaka hadi mwaka mpaka wakatua 1974, kwenye ngoma iliyorekodiwa kabla hata mpiga dramu wao hajajiunga na bendi. Hapo ndipo walipozima mitambo.

Shoo hiyo ilirekodiwa Juni 17 na Juni 19, 2015, ndani ya ukumbi wa Air Canada Centre, nyumbani kwao Toronto, na Novemba 20 mwaka huohuo ikatoka kwa jina la R40 Live. CD tatu, na filamu ya shoo yenyewe. Tangazo la ziara lilisema kwamba huenda hii ndiyo ikawa ziara yao ya mwisho ya ukubwa huo. Huenda. Neno hilo moja limebeba stori nzima, kwa sababu ndani ya bendi mtu mmoja alikuwa anajua kabisa kwamba hakuna huenda, na wawili walikuwa bado wanaomba Mungu abadilishe mawazo.

Kwa wale ambao roki sio mambo yao, twende taratibu. Rush wanapiga roki inayoitwa progresivu. Ilizaliwa Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa bendi kama King Crimson, Yes na Genesis, na wazo lake lilikuwa rahisi: kwani nani alisema wimbo wa gitaa lazima uishe ndani ya dakika tatu? Wakaanza kutengeneza nyimbo za dakika 20, zenye sehemu kama sura za kitabu, zenye stori za anga za mbali na falsafa, na mapigo ya kuhesabu tano au saba badala ya nne tuliyozoea. Ukijaribu kuucheza muziki huu utajikwaa mwenyewe. Kuukejeli ni rahisi sana, na wakosoaji walijipatia riziki humo kwa miaka mingi. Rush walikuja kuingizwa Rock and Roll Hall of Fame mwaka 2013 tu, zaidi ya miaka kumi tangu wawe na sifa ya kuingia. Siku hiyo mpiga gitaa wao, Alex Lifeson, alipopewa maiki ya kutoa shukrani hakusema kitu chochote zaidi ya neno "blah", akalirudia mamia ya mara huku akiigiza kwa mikono historia nzima ya bendi. Itafuteni video, mtacheka.

Lifeson na mwimbaji Geddy Lee, ambaye pia anapiga gitaa la besi na kinanda (mara nyingine kinanda kwa miguu, wakati mikono iko kwenye besi na mdomo uko kwenye maiki), ni washkaji tangu shule, huko Willowdale, pembeni mwa Toronto. Wote wawili ni watoto wa wahamiaji. Wazazi wa Lee walipita Auschwitz na kutoka hai. Wa Lifeson walitokea Yugoslavia. Bendi ilianza 1968, wakiwa madogo wa miaka 15, na kwenye dramu alikuwepo kijana anaitwa John Rutsey. Albamu ya kwanza waliitoa wenyewe mwaka 1974, na ingeweza kabisa kufia hapohapo Toronto kama isingefika mikononi mwa Donna Halper, aliyekuwa redioni WMMS mjini Cleveland, Marekani. Halper akachagua wimbo mrefu wa mwisho, "Working Man". Cleveland ni mji wa viwanda. Wimbo unamhusu mtu anayeamka asubuhi, anakwenda kazini, anarudi, siku imeisha. Simu za studio zikaanza kuita, watu wanauliza hawa jamaa ni akina nani. Mkataba na kampuni ya Mercury ukafuata.

Shida ni kwamba Rutsey alikuwa anaumwa kisukari, na maisha ya kulala ndani ya gari yasingemfaa. Akaondoka. Ziara ya Marekani imebaki wiki mbili, bendi haina mpiga dramu.

Neil Peart alikuwa na miaka 21. Alikulia St. Catharines, mji mdogo ng'ambo ya ziwa kutoka Toronto. Alishakwenda London kutafuta maisha ya muziki, akaishia kuuza zawadi za watalii, akarudi nyumbani kuuza vipuri vya mashine za shamba kwenye biashara aliyofanyia kazi baba yake. Kutoka huko ndipo alipoitwa kwenye usaili. Alijiunga na Rush Julai 29, 1974, na Agosti 14 alikuwa jukwaani Pittsburgh mbele ya watu zaidi ya 11,000. Zaidi ya kupiga, Peart alikuwa msomaji wa vitabu wa kupindukia, na kwa kuwa wenzake hawakupenda kuandika mashairi ya nyimbo, wakamwachia. Kwa hiyo kwa miaka 40 sauti ni ya Lee lakini mawazo ni ya yule aliyekaa nyuma ya dramu. Shikeni hilo, litatusaidia mbele.

Albamu ya tatu, 1975, ilidoda. Kampuni ikawaambia jamani fupisheni nyimbo, tafuteni kitu cha redio. Wao wakajibu kwa 2112, mwaka 1976, ambayo upande wote wa kwanza wa sahani ni wimbo mmoja wa dakika 20 kuhusu dunia ya kesho ambako makuhani wanatawala kila kitu na kijana mmoja anaokota gitaa asilojua ni nini. Walidhani ndiyo kazi yao ya mwisho, wakaona bora wafe wakifanya wanachokipenda. Ikauza. Tangu hapo hakuna mtu wa kampuni aliyewaambia tena wafanye nini.

Mwaka huohuo wa 1976, mwezi Juni, walirekodi albamu yao ya kwanza ya laivu, All the World's a Stage, ukumbi wa Massey Hall, Toronto. Ikawa desturi: albamu nne za studio, kisha moja ya laivu ya kufunga ukurasa. 1976, 1981, 1989, 1998. Ukiziweka kwenye mstari ni kama picha za familia zinazopigwa kila baada ya miaka kadhaa, unaona nywele zinavyobadilika na vinanda vinavyoongezeka, kisha vinapungua.

Ile ya 1998, Different Stages, ina maneno ya ukumbusho wa watu wawili. Agosti 1997, binti wa pekee wa Peart, Selena, alifariki kwa ajali ya gari akiwa na miaka 19. Miezi kumi baadaye mama yake, Jackie, akafariki kwa saratani. Kwenye mazishi ya binti yake, Peart alishawaambia wenzake wamhesabu kama mtu aliyestaafu. Akapanda pikipiki akaanza kuendesha, Kanada yote, Marekani, Meksiko, kilomita 88,000 hivi, akaja kuandika kitabu kuhusu safari hiyo. Hakugusa dramu kwa muda mrefu. (Kusafiri peke yake haikuwa mpya kwake. Mwaka 1988 alizunguka Kameruni kwa baiskeli na nayo aliitolea kitabu.) Lee na Lifeson hawakumtafutia mbadala. Hawakumsukuma. Walisubiri, na mwaka 2001 akarudi.

Nimeieleza hii kwa urefu kwa sababu bila hiyo huwezi kuelewa kilichotokea 2014. Watu husema bendi zinavunjika kwa ugomvi wa pesa au mademu. Hawa walikuwa wameshajifunza kumsubiri mwenzao asiyetaka. Sasa wakajikuta tena kwenye hali ileile, ila safari hii hakuna msiba, kuna umri tu.

Peart alikuwa na miaka 62. Alioa tena, mwaka 2009 akapata mtoto wa kike, Olivia, na kila akiondoka kwa ziara mtoto analia. Kingine ni mwili. Shoo ya Rush ni karibu saa tatu, na upigaji wa Peart sio ule wa kugusagusa. Ni kazi ya mabega, viwiko, mgongo na miguu yote miwili, na anajulikana kwa kutokosea. Mtu wa namna hiyo akianza kuhisi kwamba kesho atakosea, anateseka kuliko mtu wa kawaida. Aliwahi kujilinganisha na mwanamichezo ambaye lazima ajue siku ya kutoka uwanjani mwenyewe.

Kwa maelezo yake, alikwenda kwenye kikao cha bendi mwishoni mwa 2014 akiwa amejiandaa kusema basi. Kilichomgeuza ni Lifeson. Lifeson ana ugonjwa wa baridi yabisi, unaoshambulia viungo vikiwemo vya vidole, na kwa mpiga gitaa hiyo ni habari mbaya kuliko zote. Alisema akisubiri miaka miwili mingine, huenda hataweza kupiga kabisa. Peart akafikiria: nikikataa leo, halafu mwenzangu asiweze tena, nitaishi vipi? Akakubali, kwa masharti ya shoo chache. Ziara ya R40 ilianza Tulsa, Oklahoma, Mei 8, 2015, ikawa na shoo 35, zote Marekani na Kanada. Ulaya hawakwenda. Lee alitaka sana waende, na kitabu chake cha maisha cha 2023 kinaonyesha kuwa jambo hilo lilimkaa rohoni miaka yote.

Kwa hiyo sikilizeni R40 Live mkijua hivyo. Mmoja anahesabu shoo zilizobaki ili aende nyumbani. Mwingine anapiga kwa vidole vinavyouma. Wa tatu anataka isiishe. Na wote watatu wako jukwaani wanacheka, kwa sababu ndivyo walivyo.

Utani ni sehemu ya bendi hii, tena utani wa kitoto. Kwa miaka, badala ya kupanga maspika makubwa nyuma ya Lee, walikuwa wanaweka mashine za kukaushia nguo. Kwenye R40 jukwaa lenyewe ndilo linalosimulia. Linaanza na mapambo ya albamu ya 2012, ya mashine za kizamani za mvuke. Wakati muziki unaendelea, mafundi waliovaa ovaroli wanaingia katikati ya nyimbo na kuanza kubeba vitu, kama watu wanaohamisha nyumba. Mapambo ya kila enzi yanaondolewa, ya enzi iliyotangulia yanaingia. Mashine za nguo zinapita, zinatoka. Yanakuja maspika mengi ya miaka ya sabini. Kisha nayo yanapungua. Mpaka mwisho kimebaki kispika kimoja kwenye kiti kila upande na mpira wa vioo wa disko juu, kama ukumbi wa michezo wa shule siku ya dansi. Peart naye ana seti mbili za dramu: nusu ya kwanza anapigia ya kisasa, iliyochongwa kwa mti wa mwaloni wa miaka 1,500 uliotolewa mtoni Romania, na nusu ya pili anapigia seti iliyoundwa kufanana na ile yake ya miaka ya sabini, yenye dramu mbili kubwa za miguu. Maana yake mzee wa miaka 62 alijirudisha kwa hiari kwenye mpangilio wa vifaa aliokuwa ameshauacha miaka mingi, na katikati ya shoo anabadilisha jiografia ya viungo vyake. Wapiga dramu mliopo hapa mnajua hiyo ni adhabu.

Kwenye CD hamwoni hayo yote, lakini sauti inayafuata. Inaanza nzito, imejaa, "The Anarchist" na "Headlong Flight" za 2012, mitambo ya kisasa. "Far Cry" ya 2007. Halafu "How It Is", ya albamu ya 2002, ile waliyorudi nayo baada ya misiba; wimbo huo hawakuwahi kuupiga laivu kabla ya ziara hii. Kwenye "Roll the Bones" ya 1991 kuna kipande cha kurapu, ambacho mwaka 1991 kilikuwa aibu na leo kimekuwa burudani, kwa sababu kwenye skrini wanaonekana mastaa wakikichana kwa zamu: Peter Dinklage wa Game of Thrones, Paul Rudd, Jason Segel, Tom Morello. Kutoka hapo wanaruka moja kwa moja hadi 1984. Albamu zote tatu za 1985 hadi 1989 zimepitwa bila hata salamu. Kama wewe ni mtu wa enzi ile ya vinanda vingi, utanuna, na una haki.

Kisha inakuja "Losing It", na mimi nadhani albamu yote imejengwa kuuzunguka wimbo huu hata kama wenyewe hawakupanga hivyo. Ni wa mwaka 1982. Tangu urekodiwe haukuwahi kupigwa mbele ya watu mpaka ziara hii, sababu mojawapo ikiwa ni fidla, ambayo studio ilipigwa na rafiki yao Ben Mink. Unasimulia watu wawili: mcheza dansi ambaye miguu imeanza kumkatalia, na mwandishi mzee ambaye anakaa mbele ya karatasi na hakuna kinachokuja. Wazo lake ni kwamba kuna aina mbili za huzuni, ya asiyewahi kukijua kipaji na ya aliyekuwa nacho akakiona kikimtoka, na ya pili ni mbaya zaidi.

Peart aliandika maneno hayo akiwa na miaka 29. Yaani alikuwa kijana, mwili unatii kila amri, akajiuliza siku moja itakuwaje. Sasa ana miaka 62 na anapiga jibu. Toronto walimwita Ben Mink mwenyewe apande na fidla yake, na ndiyo toleo lililoingia kwenye shoo kuu ya albamu. Kwenye nyongeza mwishoni kuna toleo lingine, fidla ikipigwa na Jonathan Dinklage, ndugu yake Peter. Sikilizeni yote mawili. La Mink ni chafu zaidi, linakwaruza, linalia vibaya, na kwa wimbo huu kulia vibaya ndiko kunakotakiwa. Lee anaimba kwa sauti ambayo haifiki tena pale ilipofika 1982, na hapa pekee kwenye albamu nzima kutofika huko kunaongeza maana badala ya kupunguza.

Tuseme ukweli kuhusu sauti hiyo. Geddy Lee enzi zake alikuwa na sauti ya juu ya ajabu, wengine waliifananisha na paka aliyebanwa mlangoni, na alijenga nyimbo juu ya hiyo sauti bila kufikiria kwamba siku moja atatakiwa kuziimba akikaribia miaka 62. Shoo inayorudi nyuma ni ukatili kwake: kadiri saa zinavyokwenda na koo linavyochoka, ndivyo nyimbo zinavyopanda juu. Kwenye "Xanadu" na "2112" unasikia anavyoibia, anakata neno mapema, anaacha watu wa ukumbini wamalizie. Baadhi ya mashabiki walilaumu. Mimi siwezi kulaumu. Albamu ya laivu inayosafishwa mpaka msanii wa miaka 61 asikike kama wa 25 ni uongo wenye bei ghali.

Nusu ya pili ni karamu. "Tom Sawyer", kisha "YYZ", ambayo mdundo wake wa kuanzia ni herufi tatu za uwanja wa ndege wa Toronto zilizopigwa kwa alama za Morse, nukta na vistari. Mashabiki wa Toronto kusikia wimbo huo Toronto ni jambo jingine. "Jacob's Ladder" ambayo haikuwa imepigwa tangu 1980. "Xanadu" na magitaa ya shingo mbili, Lee na lake, Lifeson na lake. Vidole vya Lifeson? Kama usingeambiwa, usingejua. Solo yake kwenye nyimbo za zamani ina upole ambao ujana haukuwa nao, anaacha nafasi, hakimbilii noti zote.

Halafu wanarudi kumalizia kwa ngoma za mwanzo kabisa. "Lakeside Park", ya 1975, inahusu bustani ya pembeni ya ziwa kule St. Catharines alikofanya kibarua Peart akiwa kijana. Lee ameshasema hadharani zaidi ya mara moja kwamba haupendi wimbo huo. Kaupiga hata hivyo. "Anthem". "What You're Doing". Na "Working Man".

Hapa ndipo panaponimaliza. Ukirudi nyuma kwa uaminifu, mwaka hadi mwaka, unafika mahali ambapo Neil Peart hayupo. "Working Man" ni wa Rutsey, na Rutsey alishafariki, mwaka 2008. Kwa hiyo mtu aliyeandika karibu maneno yote ya bendi hii anamaliza kazi yake ya maisha akipiga wimbo usio na neno lake hata moja, akiwa kwenye kiti cha mtu mwingine, kama kijana wa vipuri aliyeitwa usaili 1974 na kuambiwa haya, onyesha unachoweza. Sijui kama kuna namna ya unyenyekevu zaidi ya kuaga.

Mkipata muda fanyeni jaribio. Chukueni All the World's a Stage ya 1976 na R40 Live. Zote zimerekodiwa Toronto, zote mwezi Juni, miaka 39 imepita katikati. "Anthem", "Lakeside Park", "2112", "What You're Doing" na "Working Man" zipo kwenye zote mbili. Ya 1976 ni vijana wanaokimbia kuliko wimbo wenyewe, wana haraka, wanaogopa kampuni itawafuta kesho. Ya 2015 ni taratibu kidogo, nzito zaidi, na kwenye "Working Man" wanaunyoosha wimbo kama mtu aliyeshafika mlangoni lakini bado anaongea na mwenye nyumba.

Lakini kuaga kwenyewe hakumo kwenye albamu. Kamera ziliwasha Juni, na ziara ikaendelea mpaka Agosti 1, 2015, ukumbi wa Forum, eneo la Los Angeles. Njiani Peart alipata maambukizi ya mguu, akawa hata kutembea ni shida, na akapiga hivyohivyo. Kwa miaka 41 alikuwa na sheria yake: shoo ikiisha anapunga mkono, anashukia nyuma, anapanda pikipiki, anapotea. Hakuwahi kuvuka kuja mbele ya jukwaa. Usiku ule wa Forum alivuka. Alikuja mbele, akawashika mabega Lee na Lifeson kwa nyuma, wakapunga watatu. Lee amesema hapo ndipo alipoelewa kwamba kweli imeisha.

Miezi michache baada ya ziara Peart aliandika kwamba binti yake alikuwa anamtambulisha shuleni kama baba yangu, mpiga dramu mstaafu, na kwamba ni kweli lakini inachekesha kuisikia. Mwaka 2016 aligundulika ana saratani ya ubongo. Aliificha kwa miaka mitatu na nusu, na wenzake wakaificha pamoja naye, hata walipoulizwa na waandishi kila wiki kama Rush watarudi. Alifariki Januari 7, 2020, Santa Monica, akiwa na miaka 67. Dunia ilikuja kujua siku tatu baadaye.

Lee na Lifeson walikaa kimya. Septemba 2022 walipanda jukwaani London na Los Angeles kwenye shoo za kumkumbuka Taylor Hawkins wa Foo Fighters, wakapiga nyimbo chache za Rush na wapiga dramu waalikwa. Oktoba 2025 wakatangaza ziara ya 2026, kwenye dramu akiwepo Anika Nilles kutoka Ujerumani. Baadhi ya mashabiki walifurahi mpaka machozi, baadhi wakasema bila Peart hakuna Rush, na kelele hizo bado zinaendelea. Shoo za kwanza zilipangiwa Forum, ukumbi uleule.